Buli Hupimwa kwa Tone

Kama kikombe chako kiko karibu, vizuri sana, maana leo tunazungumzia chai. Au niseme vizuri zaidi, tunazungumzia chombo kinachomimina chai.

Mbele yangu hapa studio, kando ya kipaza sauti, pana buli dogo la udongo mwekundu. Dogo kwelikweli: likijaa linatoa vikombe vitatu au vinne vile vya kahawa ya mtaani, basi, limekwisha. Halikupakwa rangi, halina maua wala maandishi. Mkono wake haukukaa nyuma, mkabala na mdomo, kama tulivyozoea majumbani kwetu. Umechomoza ubavuni, mfupi, mnyoofu, tupu ndani kama kipande cha mwanzi. Ngoja niligonge kwa ukucha mlisikie. Mmesikia? Sauti kali, nyembamba. Ndivyo unavyolia udongo ulioiva hadi ndani. Chungu cha kupikia mchuzi ukikigonga hakilii hivyo.

Wajapani huliita buli la namna hii kyusu, na hili ni la Tokoname, mji ulio pwani ya Rasi ya Chita, mkoa wa Aichi, kusini ya jiji la Nagoya. Nimelileta kwa sababu nataka kubishana kidogo na picha moja tuliyonayo vichwani. Tukionyeshwa ufinyanzi wa Japani kwenye televisheni, tunaonyeshwa gurudumu linazunguka, mikono imejaa tope, na udongo unapanda juu kana kwamba umeitwa. Picha tamu, sikatai. Lakini anayetengeneza buli akishatoka kwenye gurudumu ndipo mtihani wake unapoanza. Chungu ni kitu kimoja. Buli ni vitu vitano: tumbo, kifuniko, mdomo, mkono na chujio. Kila kimoja hufinyangwa peke yake, halafu vyote hutakiwa kukutana na kukubaliana. Hapo kwenye kukubaliana ndipo wengi hushindwa.

Lakini kwanza tuujue mji wenyewe. Tokoname umekuwa ukichoma udongo tangu karne ya 12. Ni mmoja kati ya miji sita ambayo Wajapani huihesabu kuwa yenye matanuri ya kale, pamoja na Seto, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen. Zama hizo Tokoname ilikuwa ikitoa mitungi mikubwa, mizito, ya kuhifadhia nafaka na maji. Mji uko ufukweni, kwa hiyo mitungi ilipakiwa majahazini na kusambazwa karibu Japani yote, kutoka kaskazini ya mbali hadi Kyushu. Mbele huko, miaka ya 1870, mfanyabiashara na fundi mmoja aitwaye Koie Hoju akaanza kutengeneza mabomba ya udongo kwa ajili ya mifereji ya chini ya ardhi ya mji wa Yokohama, walikokuwa wakiishi wageni. Tokoname ikageuka kuwa mji wa mabomba. Mpaka leo ukipita njia zake za mlimani utaona kuta zilizojengwa kwa mabomba yaliyobaki, yamepangwa safu juu ya safu.

Haikuishia hapo. Hoteli ya Imperial ya Tokyo, ile iliyochorwa na Mmarekani Frank Lloyd Wright na kufunguliwa 1923, ilivikwa matofali ya manjano yenye michirizi yaliyochomwa Tokoname. Mwaka uliofuata, 1924, ikaanzishwa humo mjini kampuni ya Ina Seito, ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa jina la INAX. Ukiingia maliwatoni Japani ukaona jina hilo kwenye choo, ujue umekutana na ndugu wa buli hili lililo mezani kwangu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mtu akisikia "ufinyanzi wa jadi wa Japani" hujitengenezea kichwani mzee mmoja mwenye ndevu, kibandani, mbali na dunia. Tokoname haikuwa hivyo hata siku moja. Huu ni mji wa watu wa kazi: mteja akitaka mtungi wanatoa mtungi, akitaka bomba wanatoa bomba. Buli nalo liliingia kwa mlango huohuo.

Kwa nini lilichelewa kuingia? Kwa sababu kwa karne nyingi chai ya heshima ya Japani ilikuwa ya unga. Unauweka bakulini, unamimina maji ya moto, unaipiga kwa kipekecho cha mwanzi mpaka itoe povu, unakunywa. Buli la nini hapo? Mambo yalibadilika 1738, pale mkulima wa eneo la Uji, Nagatani Soen, alipopata njia nzuri ya kupika majani mabichi kwa mvuke, kuyasokota kwa mkono na kuyakausha, yakabaki ya kijani na yenye harufu. Hiyo ndiyo sencha, chai ya majani, na ndiyo inayonywewa na wengi Japani hadi leo. Miaka hiyohiyo alikuwepo Kyoto mtawa mzee wa Kibudha aliyejulikana kwa jina la Baisao, yaani mzee muuza chai, aliyezunguka na vyombo vyake mabegani akiuza chai ya majani kwa bei yoyote ambayo mnywaji angeona inafaa. Mwaka 1755, uzee ulipomzidi, alivichoma moto vingi vya vyombo hivyo kwa kuogopa visije vikaangukia mikononi mwa watu wasiovistahili. Alifariki 1763. Wasomi, washairi na wachoraji wakampenda, wakaiga chai yake, na kila mmoja wao akataka buli.

Buli walilolitaka lilikuwa jekundu, la Yixing, China. La kuagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake ya ng'ambo vilevile. Kwa hiyo kila penye udongo mzuri Japani palikuwa na mtu anajaribu kuliiga. Tokoname, aliyefaulu ni Sugie Jumon, na mwaka unaotajwa ni 1854. Alipata udongo mwekundu mlaini na akatoa buli lililowaridhisha wanywaji wa chai. Kisha 1878, Koie Hoju yuleyule wa mabomba akamwalika Mchina msomi aitwaye Jin Shiheng aje kuwafundisha mafundi wa mji. Huyu hakuwaonyesha gurudumu. Namna ya Yixing ni kuupigapiga udongo kwa ubao mpaka uwe bamba jembamba, ukalizungusha bamba, ukaliunga, halafu ukalipiga tena taratibu mpaka likaanza kuvimba na kuwa duara. Msikilizaji wetu wa Kyela labda anatabasamu hapo, maana akina mama Wakisi wa Ikombe, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, nao wanafinyanga vyungu vyao bila gurudumu na hawajamwomba mtu radhi.

Tokoname walisikiliza, wakachukua walichokitaka. Wembamba wa ukuta waliuchukua. Unadhifu wa maungio waliuchukua. Lakini wengi wao walirudi kwenye gurudumu. Kwa hiyo mila hii ya buli la Tokoname ina umri wa miaka mia moja na sabini hivi, na sehemu yake nzuri ililetwa na mgeni aliyealikwa kwa heshima. Mimi sioni upungufu wowote ndani yake. Mila nyingi tunazoziita za tangu na tangu, ukizikuna kidogo, utamkuta mgeni.

Sasa tuingie karakanani.

Udongo wenyewe ulitoka zamani chini ya mashamba ya mpunga: laini mno, wenye madini mengi ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachotoa wekundu. Huvurugwa majini, huchujwa, huachwa utulie, maji yakamwagwa, ukabaki udongo usio na hata punje ya mchanga. Siku hizi wengi huchanganya pia unga wa oksaidi ya chuma ili wekundu ukolee. Kisha fundi huukanda. Ana namna yake ya kuusukuma kwa kiganja na kuuzungusha kidogo, kuusukuma na kuuzungusha, mpaka donge linajikunja mikunjo kama petali za krisanthemu, na hata mtindo huo wa kukanda umepewa jina la ua hilo. Lengo ni kuutoa hewa na kuufanya ulingane kila upande. Wafinyanzi wa Japani husema kukanda ni miaka mitatu na gurudumu ni miaka kumi. Wazee wa kazi hupenda kuwatisha vijana kwa hesabu, lakini kiputo kimoja cha hewa kwenye ukuta wa milimita mbili au tatu kinatosha kuharibu buli zima, kwa hiyo siwabishii.

Kwenye gurudumu, ambalo Japani huzungushwa kufuata mshale wa saa, fundi haweki kidonge kimoja kwa chombo kimoja. Huweka donge kubwa refu, akafanyia kazi kilele chake tu. Anavuta tumbo la buli, analikata kwa uzi, analiweka pembeni. Kwenye donge lilelile anavuta vifuniko, midomo, mikono. Sababu yake ni ya maana: vipande vitakavyoungana lazima viwe vya udongo mmoja, vyenye unyevu mmoja, ili vikauke na kusinyaa kwa mwendo mmoja. Udongo huu ukikauka na kuchomwa husinyaa sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake au zaidi. Mdomo ukisinyaa kuliko tumbo, utaachana nalo palepale kwenye ungio. Ili vipimo visipotee, anacho kijiti cha mwanzi chenye kijiti kingine kilichokingama, anakitumbukiza ndani ya tumbo: cha wima kinamwambia kina, cha kukingama kinamwambia upana. Hiyo ndiyo rula yake.

Tumbo hili kwa nje ni kama mpira uliokatwa juu, na wafinyanzi hutaja sana bega lake, mahali ukuta unapojikunja kuingia ndani na kutengeneza kijukwaa cha kukalia kifuniko. Kijukwaa hicho kikienda upande kwa unene wa karatasi, kifuniko kitacheza.

Wahenga wetu walisema, udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kwa chungu, ni kweli kwa mtoto anayelelewa. Kwa buli, nusu ya kazi ni kujua kutouwahi. Tumbo lililotoka sasa hivi kwenye gurudumu huwezi kuligusa. Ukilibandika mdomo litabonyea. Likiachwa likakauka kabisa, nalo haliungi tena. Utabandika, litaonekana limeshika, halafu tanurini mdomo utadondoka. Kuna muda katikati, udongo unakuwa mgumu kiasi cha kubebeka lakini bado baridi ukiugusa kwa shavu, na huo ndio muda wa kuunga. Siku ya jua na upepo muda huo ni mfupi, siku ya mvua ni mrefu, na mdomo, kwa kuwa ni mwembamba, huufikia kabla ya tumbo. Kwa hiyo karakana ya mabuli imejaa vitu vilivyofunikwa: hiki kwa kitambaa chenye maji, kile kwa plastiki, kingine ndani ya sanduku. Fundi anakwenda anafunua, anagusa, anafunika tena. Mgeni akiingia atasema leo hapa hapana kazi.

Tulizungumze chujio, maana ndilo linalonishangaza kuliko vyote. Kwenye buli hili, ukifungua kifuniko ukachungulia ndani, pale ulipoungiwa mdomo, unaona kitu kimeinuka kama nusu ya yai dogo, kimetobolewa vitundu mamia. Hakuna chuma hapo. Ni udongo uleule. Fundi alichukua kipande, akakibana kikawa chembamba, akakipa umbo la mbinuko, kisha akakaa na kijisindano chenye tundu akatoboa. Tundu moja, jingine, jingine. Udongo ukiwa mbichi mno, kila tundu jipya linamziba jirani yake. Ukikauka mno, kipande kinapasuka tundu la mwisho likiwa limebaki. Kikipona, vipande vile vya udongo vilivyobaki ukingoni mwa matundu havifutwi wakati huohuo, maana vitasukumwa ndani. Huachwa vikauke, ndipo vinapanguswa kwa brashi. Kisha anatoboa ukuta wa tumbo na kulibandika chujio kwa ndani kwa tope lililozimuliwa, na anapitisha ncha ya kijiti mahali pa ungio mpaka pasionekane.

Kwa nini mbinuko, usiwe ukuta tambarare wenye matundu? Zamani walitoboa ukuta tu, na mabuli ya namna hiyo bado yapo. Tatizo, jani likilowa hulala bapa juu ya tundu na kuliziba. Kwenye mbinuko majani hayawezi kulala yote mara moja. Maji yatapata pa kupita.

Lakini chai nayo haikukaa kimya. Huko Shizuoka wakulima walianza kupika majani kwa mvuke muda mrefu zaidi, chai ikawa nzito na tamu, ila majani yanavunjika na kuwa karibu unga. Unga huo unayashinda matundu ya udongo. Ndiyo sababu leo mabuli mengi yanayouzwa Japani yana wavu wa chuma cha pua. Wapo wanaolia kuwa huo ni usaliti. Mimi siwalaumu wenye wavu. Kinywaji kikibadilika, chombo kibadilike. Ninachokataa ni kulipa bei ya kazi ya mkono kisha ndani nikute wavu wa kiwandani. Kwenye buli la mkono, chujio ndilo unalolilipia, na wavu utachakaa buli likiwa bado zima.

Mdomo sasa. Watu huuangalia kwa uzuri, waangalie kwanza kimo. Ncha ya mdomo ikiwa chini kuliko ukingo wa tumbo, buli halitajaa. Utaongeza maji juu, yatatokea mdomoni na kulowesha meza. Maji hayajui kuwa wewe umechora umbo zuri. Halafu kuna jambo ambalo anayeanza hujifunza kwa machozi. Mdomo ulivutwa kwenye gurudumu linalozunguka, na udongo unao ukumbusho: ukiingia tanurini, mdomo huendelea kujisokota kidogo, kana kwamba gurudumu bado linaita. Ukiukata ncha sawasawa, utatoka tanurini umeinama upande mmoja. Kwa hiyo fundi mzoefu huukata ukiwa umepinda kwa makusudi, upande wa pili, kiasi ambacho hawezi kukueleza kwa namba, ili moto uje umalizie kuunyoosha.

Na ncha yenyewe lazima iwe kali. Maji yanapenda kushika udongo. Ukiacha ukingo wa mviringo mnene, tone la mwisho halitaki kudondoka, linarudi nyuma, linatambaa chini ya mdomo, linashuka shingoni mpaka kwenye kitambaa cha meza. Sote tunayo mabuli ya namna hiyo nyumbani, tena mengine ya bei kubwa, na huwa tunayafunga vitambaa shingoni kama wagonjwa wa koo. Ukingo mkali hulikata tone.

Tone hilo lina kazi. Kyusu halimiminwi nusu likaachwa. Sencha hupewa maji ya nyuzi joto 70 au 80 hivi, na gyokuro, ile chai iliyokuzwa kivulini, hata 50 au 60; inangojewa kidogo, halafu inamiminwa yote, zamu kwa zamu katika vikombe ili ukali ulingane, mpaka tone la mwisho, ambalo ndilo lililokolea kuliko yote. Maji yakibaki ndani, majani yanaendelea kutoa uchungu, na mkupuo wa pili wa chai umeharibika. Kuna wauzaji wanaoapa kwamba chuma kilichomo kwenye udongo mwekundu hulainisha ladha ya chai. Pengine. Mimi naona joto la maji na kumimina mpaka mwisho vina nguvu zaidi kuliko hadithi ya muuzaji.

Mkono. Nao ulivutwa kwenye gurudumu, tupu ndani, ili joto lisisafiri mpaka kiganjani, na mwishoni umeachwa wazi. Pembe kati yake na mdomo ni kama ya robo duara, mara nyingi pungufu kidogo. Ukiushika, vidole vinne vinauzunguka, kidole gumba kinafika juu ya kifuniko na kukizuia, na unamimina kwa kukunja kifundo cha mkono tu, kiwiko hakinyanyuki. Wa mkono wa kushoto, msihuzunike, yapo mabuli yaliyogeuzwa kwa ajili yenu. Na mkono huu ndiyo mizani ya buli. Buli likiunganishwa vizuri, ukiligeuza ukalisimamisha kwa mkono wake, mdomo ukiwa hewani, linasimama. Naliweka hapa mezani... nimeliachia... limesimama. Itabidi mniamini, fundi mitambo wangu nyuma ya kioo ameshika kichwa, lakini ni shahidi.

Kuchoma sitakawilia. Siku hizi ni tanuri la gesi au la umeme, nyuzi joto 1,100 na kitu. Tanuri kubwa la zamani la Tokoname, lililojengwa 1887 kwa kupanda mlima, lina vyumba vinane na mabomba kumi ya moshi. Liliwashwa kwa mara ya mwisho 1974 na sasa watu huenda kulitazama. Tanuri likipewa hewa ya kutosha, chuma kilichomo kwenye udongo kinatoka chekundu. Likinyimwa hewa, au buli likachomwa tena ndani ya makapi ya mpunga, linatoka jeusi. Wengine hulizungushia buli mwani kabla ya kulichoma, ndiyo, mwani kama huu wa pwani yetu; mwani unaungua, chumvi yake inaacha michoro ya kahawia ambayo hakuna mkono ungeweza kuichora.

Kifuniko huchomwa kikiwa kimekalia buli lake, ili kama moto utapinda kimoja upinde na kingine. Baada ya hapo fundi huweka unga mkali wa kusagia na maji kidogo ukingoni, akakizungusha kifuniko mahali pake, akisaga udongo kwa udongo mpaka vinakubaliana. Ndiyo maana kifuniko cha buli moja hakifai kwenye jingine hata la fundi yuleyule. Sikilizeni nikikizungusha. Mkwaruzo laini, usiokatika, duara zima. Na juu yake pana kitundu cha kupumulia. Nina maji humu, namimina... yanatoka. Naziba kitundu kwa kidole... yamekatika. Naachia... yamerudi. Kifuniko kinachovuja hewa pembeni hakiwezi kufanya hivyo.

Kwa kazi ya namna hii, mwaka 1998, Serikali ya Japani ilimpa Yamada Jozan wa tatu, mfinyanzi wa mabuli wa Tokoname, heshima ile inayoitwa Hazina Hai ya Taifa. Alizaliwa 1924, akarithi jina na kazi kwa babu na baba, akafariki 2005. Aliyefikia cheo hicho kwa vyombo vya mezani vya kawaida, vya kunywea chai kila siku, anastahili kukumbukwa hata na sisi tusiokunywa chai ya kijani.

Na hapo ndipo lilipo tatizo, hata Japani kwenyewe wanaoinywa kwa buli wanapungua. Mwaka 1985 kampuni ya Ito En ilianza kuuza sencha ya kopo, 1990 ikaiweka kwenye chupa ya plastiki, na leo nyumba nyingi za vijana mjini hazina kyusu kabatini. Chai wanayo, iko jokofuni. Mafundi wengine wamegeukia wateja wa nje, China na Taiwan, Ulaya na Marekani, na huko wanakuta watu wanaouliza maswali kuhusu udongo na chujio kuliko majirani zao.

Ukibahatika kupata moja, matunzo yake ni mepesi. Usilioshe kwa sabuni. Udongo usiopakwa kitu hushika harufu. Pukuta majani, suuza kwa maji ya moto, liache likauke kifuniko kikiwa pembeni. Na jambo la mwisho, kabla muziki haujaingia. Kyusu jipya likitoka dukani huwa limevalishwa kijimpira chembamba cha plastiki ncha ya mdomo. Kazi yake ni kuilinda ncha isivunjike safarini, basi. Ukifika nyumbani unakivua na kukitupa. Wajapani wengi hawakivui. Wanadhani ni sehemu ya buli, wanamimina chai nacho mwaka baada ya mwaka, kinageuka manjano, kinashika ukungu ndani, na ukingo ule ambao mtu aliukata kwa pembe ya makusudi ili ulikate tone haujawahi kukutana na chai hata siku moja.